Jinsi ya Kuandika Historia ya Okestra ya Jiji: Mfano wa Chicago

Mtu anayekusudia kuandika historia ya okestra ya simfonia ya jiji fulani hukutana mapema na kishawishi cha kupanga majina ya waongozaji kwa mfuatano wa miaka, kumsifu kila mmoja kwa aya mbili, kisha kuona kuwa kazi imekwisha. Historia ya namna hiyo huliacha bila jibu swali lililo kubwa kuliko yote: iliwezekanaje wanamuziki zaidi ya themanini walipwe mshahara, msimu baada ya msimu, kwa kazi ambayo mapato ya tiketi peke yake hayakutosha kuigharamia? Ushauri wangu ni kwamba mwandishi aufuate mshahara kwanza, kwa sababu mshahara ndio unaoitofautisha okestra ya kulipwa na kundi la wapenda muziki wanaokutana jioni baada ya shughuli zao. Nitaieleza njia hiyo kwa kutumia Okestra ya Simfonia ya Chicago, ambayo kumbukumbu zake zimetunzwa vizuri na ambayo mambo yake ya fedha, jengo na ajira yanaonekana waziwazi tangu siku za mwanzo.

Amua kwanza okestra ilianza lini. Miji mingi ilikuwa na makundi ya muda yaliyokusanywa kwa ajili ya onyesho moja au msimu mmoja, yakavunjika fedha zilipokwisha, na waandishi wenye mapenzi na jiji lao hupenda kuurudisha mwaka wa kuzaliwa nyuma hadi kwenye kundi la kwanza kabisa. Usifanye hivyo. Tafuta siku ambayo taasisi yenye bodi na fedha zilizoahidiwa iliwaajiri wanamuziki kwa msimu mzima. Kwa Chicago, mwaka huo ni 1891. Mfanyabiashara Charles Norman Fay alimwalika mwongozaji Theodore Thomas, na ili mwaliko uwe na uzito aliwapata wadhamini wapatao 50, kila mmoja akiahidi dola 1,000 kwa mwaka kwa muda wa miaka mitatu. Thomas, aliyezaliwa Esens nchini Ujerumani mwaka 1835 na kupelekwa Marekani akiwa mtoto, alikuwa amezunguka nchi kwa miaka mingi na okestra yake mwenyewe, akilazimika kusafiri kila mara ili apate fedha za kuwalipa watu wake. Alichokitamani ni okestra ya kudumu, yenye jiji lake, ambayo mzigo wake wa fedha utabebwa na wengine. Ukiyaweka mambo haya mawili pamoja, yaani ahadi ya wadhamini na uchovu wa mwanamuziki mwenye sifa kubwa, umekwisha kueleza kwa nini okestra ilizaliwa Chicago na kwa nini ilizaliwa mwaka huo.

Pamoja na tarehe, andika mfuatano wa majina. Okestra hii iliitwa Okestra ya Chicago hadi mwaka 1905, ikaitwa kwa jina la Theodore Thomas hadi 1913, na ndipo ilipochukua jina inalotumia leo. Anayetafuta jina la sasa katika magazeti ya kale atakosa zaidi ya miaka 20 ya habari, tena miaka iliyo muhimu kuliko mingine.

Baada ya hapo nenda kwenye nyaraka, na uende ukijua kila aina ya waraka inaficha nini. Okestra ya Chicago ina hifadhi yake yenyewe, inayoitwa Rosenthal Archives, na maktaba ya Newberry katika jiji hilohilo inatunza nyaraka za Thomas. Kumbukumbu za vikao vya bodi hueleza fedha na hofu za viongozi, lakini mara chache huwataja wanamuziki kama watu. Magazeti hueleza onyesho lilivyopokewa, ila mhakiki mmoja mwenye ushawishi anaweza kupotosha sura ya msimu mzima: Claudia Cassidy wa Chicago Tribune alimshambulia mwongozaji wa okestra, Rafael Kubelík, bila kuchoka kati ya 1950 na 1953, na mwandishi atakayemtegemea yeye peke yake ataondoka na picha isiyo ya haki ya kipindi hicho. Msomaji aliye Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, asiyeweza kufika kwenye hifadhi hizo, anaweza kujifunza kazi hii kwa nyaraka za New York Philharmonic, okestra iliyoanzishwa mwaka 1842, ambazo sehemu kubwa yake imewekwa kwenye intaneti na husomwa bila malipo.

Waraka ninaoupenda kuliko yote ni kijitabu cha programu, kwa sababu kinaonyesha kilichofanyika badala ya kilichokusudiwa. Chukua kile cha maonyesho ya kwanza, ya tarehe 16 na 17 Oktoba 1891, katika ukumbi wa Auditorium. Zilipigwa kazi nne: utangulizi wa Faust wa Wagner, Simfonia ya Tano ya Beethoven, konchato (kazi ya mpigaji mmoja akiandamana na okestra) ya kwanza ya piano ya Tchaikovsky iliyopigwa na Rafael Joseffy, na utangulizi wa Husitská wa Dvořák. Usiridhike kunakili orodha hiyo, iulize maswali. Nani kati ya watunzi hao alikuwa hai usiku ule? Beethoven alikuwa amefariki mwaka 1827 na Wagner mwaka 1883, lakini Tchaikovsky na Dvořák walikuwa hai. Tchaikovsky alikuwa ameizuru Marekani miezi michache tu kabla, na Dvořák alihamia New York mwaka uliofuata. Nusu ya kazi zilizopigwa, basi, ilikuwa ya watu wa wakati huo, na okestra ambayo leo wengi huidhania ni ghala la muziki wa kale ilianza ikiwapa wasikilizaji muziki mpya. Tengeneza jedwali lenye tarehe, kazi, mtunzi, kama mtunzi alikuwa hai, na mpigaji mgeni, kisha ulijaze kwa msimu mmoja katika kila miaka kumi. Kazi hii huchosha macho, lakini hakuna njia nyingine ya uhakika ya kujua ladha ya okestra ilibadilika lini na kuelekea wapi.

Sasa rudi kwenye fedha kupitia jengo. Ukumbi wa Auditorium, uliofunguliwa mwaka 1889, ulikuwa na viti zaidi ya 4,000, na ukubwa huo uliokuwa fahari ya jiji ukawa hasara kwa okestra. Mtu aliyejua kuwa nafasi haikosekani hakuwa na sababu ya kununua tiketi za msimu mzima mapema, ilhali tiketi za msimu ndizo zinazoiwezesha bodi kuahidi mishahara kabla ya onyesho la kwanza. Thomas alilalamika pia kwamba sauti ilipotea katika nafasi kubwa mno. Mwaka 1903 alitishia kuondoka endapo okestra isingejengewa nyumba yake, na hapo uchangishaji ukatoka mikononi mwa matajiri wachache: watu wapatao 8,000 walitoa michango ya ukubwa mbalimbali. Ukumbi mpya, Orchestra Hall, uliobuniwa na Daniel Burnham na wenye viti karibu 2,500, ulifunguliwa tarehe 14 Desemba 1904. Thomas alifariki tarehe 4 Januari 1905, majuma matatu baadaye. Waandishi wengi huishia kwenye huzuni ya kifo hicho. Mimi ningekusihi ukae zaidi na wale wachangiaji 8,000, kwa kuwa tangu siku hiyo okestra haikuwa tena ya wadhamini wale wapatao 50 pekee, na madai ya jiji juu yake yalibadilika.

Jengo liendelee kufuatiliwa hata baada ya kufunguliwa. Ukarabati wa mwaka 1966 uliharibu sauti ya ukumbi kiasi kwamba, katika miaka ya mwongozaji Georg Solti, santuri nyingi zilirekodiwa mahali pengine, hasa katika ukumbi wa Medinah Temple. Ukarabati mwingine mkubwa ulikamilika mwaka 1997. Anayelinganisha sauti ya santuri za mwongozaji Fritz Reiner, zilizorekodiwa ndani ya Orchestra Hall kuanzia mwaka 1954, na zile za miaka ya 1970 bila kujua habari hii atawasifu au kuwalaumu wapigaji kwa mambo yaliyotokana na kuta na dari.

Hatua inayofuata ndiyo inayohitaji ujasiri zaidi, nayo ni kuuliza nani alikaa jukwaani na nani hakupewa nafasi. Wanamuziki wa mwanzo wengi Thomas aliwatoa New York, na sehemu kubwa yao walikuwa na asili ya Ujerumani. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, jambo hilo likawa tatizo la kisiasa. Frederick Stock, mrithi wa Thomas, alikuwa hajakamilisha uraia wake, naye akajiondoa mwaka 1918 na kurudi mwaka 1919. Mwaka huohuo ilianzishwa Civic Orchestra, chuo cha vitendo cha kuwaandaa vijana wa Marekani wenyewe, ili okestra isitegemee tena wapigaji kutoka Ulaya. Tukio la vita na kuanzishwa kwa Civic Orchestra yanapaswa kusimuliwa pamoja. Yakitenganishwa katika sura mbili, msomaji haoni kuwa la pili lilikuwa jibu la la kwanza.

Habari ya wanamuziki Weusi haipatikani kwa kusoma nyaraka za okestra peke yake. Chicago ilikuwa na vyama viwili vya wanamuziki vilivyotenganishwa kwa rangi, na viliunganishwa mwaka 1966 tu. Tarehe 15 Juni 1933, chini ya Stock, okestra ilipiga Simfonia ya Kwanza ya Florence Price, na huo ulikuwa mara ya kwanza kwa okestra kubwa ya Marekani kupiga simfonia ya mwanamke Mweusi. Ukisoma habari hii kwa upande wa okestra pekee utadhani ilikuwa ni hisani ya mwongozaji. Ukisoma upande wa pili utamkuta Maude Roberts George, mhakiki wa muziki wa gazeti la Chicago Defender, ambaye alibeba dhamana ya gharama za onyesho hilo. Hapa tena, anayeufuata mkondo wa fedha huona watu ambao kijitabu cha programu hakikuwapa nafasi. Ilipofika mwaka 2009, hati nyingi za Price zilikutwa katika nyumba iliyoachwa ukiwa huko St. Anne, Illinois, iliyokuwa yake ya mapumziko. Tafuta basi nje ya hifadhi rasmi: magazeti ya jamii, makanisa, vyama vya wafanyakazi, na masanduku ya familia. Onyesha pia umbali uliokuwepo kati ya kupiga kazi ya mtunzi na kumwajiri mpigaji: Tage Larsen, mpiga tarumbeta aliyeajiriwa mwaka 2002, ndiye mwanamuziki Mweusi wa kwanza kuwa mwanachama wa okestra hii.

Waongozaji watajwe, bila shaka, lakini kila mmoja aingie na jambo alilobadilisha katika ajira, sauti au hadhi ya okestra. Reiner, kuanzia 1953, alijenga nidhamu ambayo santuri zake zinaithibitisha hadi leo. Katika miaka yake, mwaka 1957, Margaret Hillis alianzisha kwaya ya okestra. Solti, aliyeanza mwaka 1969, aliipeleka Ulaya kwa mara ya kwanza mwaka 1971, nalo jiji likawapokea wanamuziki wake kwa maandamano ya shangwe waliporudi. Wakati huo wote, mpiga tarumbeta Adolph Herseth alikaa kwenye kiti chake cha kwanza tangu 1948 hadi 2001, muda mrefu kuliko mwongozaji yeyote. Hilo pekee linatosha kukushawishi uwape wapigaji sura yao.

Migomo nayo isifichwe kwa kuhofia kuichafua taasisi. Kuanzia mwezi Machi 2019 wanamuziki wa Chicago waligoma kwa karibu majuma saba, hasa kwa ajili ya mpango wa pensheni, na mwongozaji wao Riccardo Muti alisimama hadharani upande wao. Soma taarifa za pande zote mbili na uziweke ubavuni mwa makubaliano yaliyotiwa saini, kwa sababu makubaliano huonyesha nani alipata nini baada ya maneno makali kwisha. Ukiwahoji wanamuziki waliostaafu, waombe ruhusa kwa maandishi kabla ya kurekodi, wasomee maneno yao kabla ya kuyachapisha, na kila tarehe wanayoitaja kwa kumbukumbu ihakikishe kwenye kijitabu cha programu cha siku hiyo.

Mwisho wa masimulizi uwekwe kwenye msimu uliofungwa. Muti alimaliza kipindi chake mwaka 2023, na Klaus Mäkelä ametangazwa kuanza mwaka 2027. Kipindi hicho cha pili bado hakijawa historia, na mwandishi makini ataitaja tarehe ya uteuzi, ataandika kwenye ukurasa wa mbele mwezi na mwaka aliokamilisha kazi yake, na ataacha hukumu kwa atakayeiendeleza.