Jinsi ya kutafuta Pijo 504 wagoni ya kutumia kila siku, hatua kwa hatua

Hii naandikia mtu anayetaka 504 stesheni wagoni ya kwenda nayo kazini, kupeleka watoto shule na kubeba magunia ya viazi Jumamosi, sio gari ya kufunikwa turubai ikingoja maonyesho. Mimi natengeneza hizi gari Nakuru na naendesha moja kila siku, na neno langu kubwa ni hili: nunua bodi, injini itapatikana. Watu wengi wanafanya kinyume, wanasikia injini inalia vizuri wanalipa, halafu wanagundua sakafu imeoza na kioo cha mlango wa nyuma hakipatikani Nairobi nzima.

Sababu ni pickup. Ufaransa iliacha kutengeneza saloon na wagoni za 504 mwaka 1983 lakini hapa kwetu 504 iliendelea kuunganishwa Mombasa miaka mingi baadaye, na pickup zilijaa kila kaunti. Injini, giaboksi na miguu ya mbele ya pickup zinaingiliana sana na za wagoni, kwa hivyo upande wa mashine bado tunapumua. Lakini kuanzia milango ya nyuma kurudi huko, wagoni ni wagoni peke yake.

Hatua ya 1: Amua unataka gani hasa

Kuna Break, viti vya watu watano na nafasi ndefu ya mizigo, na kuna Familiale yenye safu tatu za viti, ile wazee waliipanda kama teksi ya masafa marefu. Zote mbili ni ndefu kuliko saloon, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni mita 2.90, saloon ni 2.74, na huko nyuma zina eksele nzima ya chuma inayobebwa na springi mbili kila upande. Ndio maana inabeba mzigo bila kuinama kama inasali.

Petroli ya kawaida ni ya 1971 cc. Dizeli ni za 2112 au 2304 cc, zinadumu na zinakula kidogo, lakini ukipanda mlima wa Kinungi umejaza familia na mizigo malori yatakupita, jipange kwa hilo. Mimi kwa matumizi ya kila siku napendekeza petroli, kwa sababu mafundi wanaoijua ni wengi na pampu ya dizeli iliyochoka ni gharama kubwa. Na kama utakutana na 505 wagoni safi kabla ya 504 safi, chukua 505, ni mdogo wake, ilitoka 1982 ikiwa na urefu uleule kati ya magurudumu na inatulia zaidi barabarani.

Kuagiza kutoka Ulaya sahau, sheria ya Kenya ya magari yaliyotumika inaishia miaka minane. Utanunua iliyo hapa tayari.

Hatua ya 2: Tafuta fundi kabla ya gari

Najua unataka kuanza kuangalia picha, subiri kwanza. Tafuta fundi mtu mzima karibu na unapoishi aliyewahi kufungua hizi injini, muulize maswali mawili tu. La kwanza, fan ya mbele inafanyaje kazi? Akikwambia inashikwa na sumaku ya umeme injini ikipata moto na inaachilia ikipoa, huyo anaijua. La pili, ukifungua hedi unachunga nini? Anatakiwa akutajie laina, yale mabomba ambamo pistoni zinapanda na kushuka, kwa sababu laina za hii injini zinazungukwa na maji na zinatoka, ukizitikisa wakati hedi iko nje sili za chini zinaachia na maji yanaingia kwa oil. Fundi asiyejua hayo mawili ni mtu mzuri tu lakini sio wa hii gari.

Halafu pitia Kirinyaga Road, pale wengine bado wanaita Grogan, uulize bei ya gasketi ya hedi, pampu ya maji, silinda za breki na seti ya klachi. Ukijua hizo bei muuzaji hatakutisha wala kukudanganya.

Hatua ya 3: Mahali pa kutafuta

Mtandaoni zipo chache na mara nyingi ni zilizoshapigwa rangi ya kuuzia. Nzuri nimeziona zikitoka kwa familia, gari imelala kwa boma la mwalimu mstaafu au mkulima wa chai, haijawahi kutangazwa popote. Kwa hivyo ongea na mafundi wa miji ya bara, Nyeri, Meru, Kericho, Eldoret, waachie namba yako, waambie unalipa asante ukinunua. Waulize pia watu wa petrol station za zamani, wanajua kila gari ya mtaa. Concours d'Elegance ya Nairobi, yale maonyesho ya magari, ikifika nenda, sio kununua pale, nenda uongee na wenye magari ya zamani kwa sababu wanajuana na wanajua nani anataka kuachilia yake.

Gari iliyoishi Pwani iangalie mara mbili, chumvi ya bahari haina huruma na hizi bodi.

Na tafadhali usitume pesa ya kushikia kwa M-Pesa eti kuna mtu mwingine anakuja kesho. Kama anakuja, aje.

Hatua ya 4: Karatasi, kabla ya kupanda matatu

Omba namba ya gari ufanye search kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, mtandaoni, ada yake ni ndogo kuliko nauli ya kwenda na kurudi. Nyingi zina namba za kizamani, herufi tatu na tarakimu bila herufi ya mwisho, hiyo sio shida. Shida ni jina. Mara nyingi mwenye logbuku ni mzee aliyefariki na anayeuza ni kijana wake, na hapo hata kama kijana ni mwaminifu hawezi kukuhamishia gari bila karatasi za mahakama za kusimamia mali ya marehemu. Usilipe ukiahidiwa zitafuatiliwa baadaye. Ndugu mmoja akikataa, utakuwa na gari usiyoweza kuhamisha wala kuuza.

Namba ya chesi kwa search ifanane na iliyopigwa kwa gari, nenda na kitambaa na brashi ya waya uisafishe uisome mwenyewe. Namba ya injini mara nyingi itakuwa tofauti kwa sababu injini zimebadilishwa, hiyo inarekebishika ila irekebishwe kabla hujalipa.

Hatua ya 5: Bodi, hapa ndio ukae

Nenda mchana, gari ikiwa kavu, ubebe tochi, sumaku ndogo na kipande cha kadibodi cha kulalia. Kama imeoshwa dakika tano kabla hujafika, ngoja ikauke, rangi ikiwa na maji inaficha mawimbi.

Anza chini. Sumaku ipitishe chini ya milango pande zote mbili, mahali inapokataa kushika kuna pesti ya kuziba mashimo. Inua kapeti ya mbele ubonyeze sakafu kwa kidole gumba. Fungua boneti uangalie pale shoki za mbele zinaposhikia bodi, nyufa au welding iliyorundikana hapo ni sababu ya kurudi nyumbani. Halafu lala chini nyuma uangalie springi zinapokaa na ile sehemu tairi ya spea inaning'inia chini ya sakafu, matope hukaa hapo miaka na miaka. Kutu ya juujuu sio kitu, kutu inayoingia bisibisi ndio kitu.

Sasa vitu vya wagoni peke yake: mlango wa nyuma na kingo yake ya chini, kioo chake, vioo virefu vya ubavuni, raba zake, na taa za nyuma ambazo sio za saloon. Hesabu kimoja kimoja. Kama kioo cha ubavuni kimewekwa plastiki au bati, punguza bei sana au uache, maana utakitafuta mpaka uchoke. Kwa Familiale hakikisha kiti cha tatu kipo, na vishikio vyake kwa sakafu havijakatwa.

Viti vilivyochanika, dashbodi iliyopasuka, rangi iliyokufa, hivyo visikusumbue. Fundi wa viti atakumalizia.

Hatua ya 6: Injini

Mwambie mwenye gari asiiwashe kabla hujafika. Gusa hedi, ikiwa na moto jua kuna kitu kinafichwa asubuhi inapowaka. Toa dipstiki na ufungue kifuniko cha oil, ukiona rangi ya chai ya maziwa maji yameingia. Washa injini rejeta ikiwa wazi, povu likija mfululizo gasketi imekwenda au hedi ya aluminiamu imepinda kwa moto. Iache ilie mpaka ipate moto kisawasawa uangalie kama fan inashika, wengi waliifunga isiachilie kabisa, sio mbaya lakini inakula mafuta na kupiga kelele.

Moshi wa bluu kidogo mimi siogopi. Seti ya laina na pistoni inabadilishwa bila kuchonga bloku.

Hatua ya 7: Barabarani

Tafuta lami na mlima. Giaboksi ni ya gia nne, sikiliza ya pili ukishusha haraka, ikikwaruza bei inashuka. Funga breki kwa nguvu mahali salama, ikivuta upande mmoja mara nyingi ni silinda za dramu za nyuma. Achilia mafuta ghafla ukiwa mwendo wa 60, mlio mzito kutoka katikati ya gari ni mountings, raba za kushikilia injini na giaboksi, au shafti ndani ya ile bomba ndefu inayokwenda kwa difu, na hiyo kazi sio ya siku moja.

Hatua ya 8: Bei na wiki za kwanza

Muuzaji atakukumbusha 504 ilishinda Safari Rally 1975 na Ove Andersson, na tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Ni kweli kabisa na mimi pia najivunia hilo, lakini 504 iliyoshinda haikuwa wagoni, wewe lipia chuma kilicho mbele yako. Weka pembeni pesa angalau theluthi ya bei, na uzitumie kwa mpangilio huu: breki zote, mipira ya maji na rejeta, waya za umeme, tairi. Rangi mwisho. Bima uliza mapema, kampuni nyingi zitakupa third party tu kwa gari ya umri huo.

Na ukisikia mahali wanavunja wagoni nyingine, nenda siku hiyohiyo ununue kioo cha mlango wa nyuma na taa zote mbili hata kama zako ni nzima, zifunge kwa blanketi uweke stoo.