Maboga ya Halloween Yasiishie Dampo: Ninavyoyageuza Mboji

Hapa Illinois, Marekani, usiku wa sikukuu ya Halloween watu huchonga maboga yawe na sura na kuwasha mshumaa ndani yake; asubuhi ya tarehe 1 Novemba, kila kibaraza kina boga lenye macho na meno. Wiki moja baadaye mengi yako kwenye pipa la taka. Boga ni maji kwa takribani asilimia 90; likifukiwa dampo pasipo hewa, huoza likitoa methani, gesi inayoongeza joto duniani. Kwenye lundo lenye hewa, hugeuka udongo. Mimi hukusanya ya kwangu na ya majirani, mawili matatu kwa kila safari ya toroli.

Hatua ya 1: Yachambue

Ambayo hayakuchongwa yaende jikoni. Maboga haya ya mapambo hayana utamu wa yale ya kwetu, yana nyuzi na maji mengi, lakini ukiyapika kwa tui zito na hiliki kidogo yanalika. Lililochongwa likalala nje, usile. Vile vibuyu vidogo vya mapambo pia usivipike: vingine ni vichungu, na uchungu huo huharisha. Boga lililopakwa rangi limenye ganda lote, maana rangi haiozi.

Hatua ya 2: Toa nta na mbegu

Kwangua nta ya mshumaa kwa kijiko. Mbegu zilizobakia ndani zitoe hata kama umechoka. Mwaka wangu wa kwanza nilizipuuza. Ilipofika Juni lundo lote lilikuwa limetambaa maboga. Sikulia sana, kusema kweli: nilichuma majani machanga, nikayamenya nyuzi, nikayaunga kwa karanga. Ila jirani niliyemgawia mboji ile kwa ajili ya nyanya zake aling'oa miche hadi akachoka, na aliniambia.

Hatua ya 3: Katakata

Chepe linatosha. Vipande vya ukubwa wa kiganja. Wape watoto kazi hii.

Hatua ya 4: Panga lundo

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanarundika maboga matupu, baada ya siku kumi wana uji unaonuka, kisha wanasema mboji haiwezekani kwenye baridi. Tatizo si baridi, ni maji. Kila ndoo moja ya boga inataka ndoo tatu za majani makavu, na bahati nzuri Novemba ndio mwezi majirani wanapoyaweka kando ya barabara ndani ya mifuko ya karatasi. Omba. Mifuko yenyewe ichane uitie humo humo.

Chini tandika vijiti ili hewa ipite. Juu yake weka majani, kina cha sentimita 20, kisha tabaka jembamba la boga, konzi chache za udongo wa bustani, halafu majani tena. Endelea hadi lundo lifike mita 1 kwenda juu na mita 1 upana. Likiwa dogo zaidi halishiki joto. Malizia kwa majani mengi juu, la sivyo kindi watakuja kula kwa zamu.

Baada ya siku chache chota konzi ukamue. Yakitoka matone mawili matatu, liko sawa. Yakitiririka, ongeza majani. Ukisikia harufu ya yai viza, limekosa hewa: ligeuze. Mimi hugeuza baada ya wiki mbili, theluji ikianguka naliacha, nalirudia Machi.

Kama huna nafasi ya lundo

Chimba mfereji wa sentimita 30 pale utakapopanda mboga mwakani, fukia vipande, basi. Au mtafute mfugaji wa kuku; kuku hulishambulia boga hadi libaki ganda. Ila lisiwe lililopuliziwa klorini ili lidumu, kama wafanyavyo wengine. Na usiyatupe porini ukidhani unamsaidia kulungu: Illinois inakataza kuwalisha, kwa sababu wakikusanyika mahali pamoja wanaambukizana ugonjwa unaowaua.

Hatua ya 5: Chekecha

Kufikia mwishoni mwa Mei mboji yangu huwa nyeusi, inanukia kama udongo baada ya mvua. Kinachobaki kwenye chekecheke ni vikonyo, ambavyo haviozi kwa msimu mmoja. Vitie kando, Novemba vitakuwa vijiti vya chini vya lundo jipya.