Kuunganisha skripti za ukurasa na Java kwa klasi ya JSObject

Klasi ya JSObject ni kongwe. Ilikuja na Netscape Navigator 3.0 mwaka 1996, ndani ya teknolojia iliyoitwa LiveConnect, na kazi yake ilikuwa kuziwezesha skripti za ukurasa na programu-jalizi ya Java kuitana. Programu-jalizi hizo zimeshazikwa: Chrome iliacha kuzipokea zile za NPAPI (mfumo wa zamani wa programu-jalizi za vivinjari) mwaka 2015, na Java 11 ya mwaka 2018 ikatoka bila programu-jalizi ya kivinjari. Klasi yenyewe ikabaki. Mpaka leo jina lake kamili ni `netscape.javascript.JSObject`, na ndiyo inayotumika kwenye WebView ya JavaFX, yaani kivinjari kidogo kinachokaa ndani ya programu ya Java.

Nachukulia kwamba unaijua Java kiasi, WebView yako inaonyesha ukurasa, na sasa unataka kitufe cha HTML kiite methodi ya Java.

Hatua ya 1: Andika klasi ya daraja

```java
public class Daraja {
    public void hifadhi(String jina, int umri) {
        System.out.println(jina + ", " + umri);
    }
}
```

Klasi iwe `public`, na methodi nayo vilevile. Kama mradi wako una faili la `module-info.java`, ifungulie `javafx.web` pakiti yenye klasi hii kwa neno `opens`. Ukisahau hapo, skripti haitaweza kuzifikia methodi zako.

Hatua ya 2: Subiri ukurasa umalize kupakia, ndipo uunganishe

```java
private final Daraja daraja = new Daraja();

injini.getLoadWorker().stateProperty().addListener((o, zamani, sasa) -> {
    if (sasa == Worker.State.SUCCEEDED) {
        JSObject dirisha = (JSObject) injini.executeScript("window");
        dirisha.setMember("daraja", daraja);
        dirisha.call("anza");
    }
});
```

Hapa `injini` ni WebEngine ya WebView yako, unayoipata kwa `getEngine()`. Huo mstari wa `call("anza")` usiuruke. Skripti zinazokimbia wakati ukurasa bado unapakiwa hazijaliona daraja, kwa sababu halijawekwa. Kwa hiyo kwenye ukurasa tunga fanksheni ya `anza()`, na chochote kinachohitaji Java kianzie humo. Kitufe chako kitaita `daraja.hifadhi(jina, umri)` kama kinavyoita fanksheni nyingine yoyote.

Hatua ya 3: Lishike daraja kwa mkono wako

Hapa ndipo naomba utulie, maana ndipo nilipopoteza siku mbili nzima. Nilikuwa nimeandika hivi:

```java
dirisha.setMember("daraja", new Daraja());
```

Programu ikafanya kazi vizuri. Nikabonyeza kitufe mara kumi, taarifa zikahifadhiwa zote kumi. Nikamkabidhi aliyeiagiza. Baada ya muda akasema kitufe kinakufa: anajaza fomu, anabonyeza, hakuna kinachotokea, wala kosa halionekani popote. Akifunga na kufungua upya, kinafufuka. Nilikagua HTML, nikakagua hifadhidata, nikaandika upya fomu nzima. Kwangu haikuharibika hata mara moja, kwa kuwa sikuwahi kuiacha wazi muda wa kutosha.

Sababu ni kwamba `setMember` huweka rejeo dhaifu. Dirisha la ukurasa linalijua daraja, lakini halilishiki. Mkusanya taka wa Java (garbage collector) akipita na kukuta hakuna mwingine anayeishika ile obijekti, anaizoa. Ndiyo maana katika hatua ya 2 daraja ni sehemu ya klasi, tena limetangazwa nje ya msikilizaji. Ukitaka kuliona tatizo bila kungoja, rudisha ule mstari mbovu, weka kitufe cha majaribio kinachoita `System.gc()`, ambayo humwomba mkusanya taka apite, kisha jaribu kuhifadhi. Lifanye jaribio hili walau mara moja, ujue dalili zake.

Hatua ya 4: Kutoka Java kwenda kwenye ukurasa

Wengi huunganisha maandishi:

```java
injini.executeScript("onyesha('" + neno + "')");
```

Mpe neno "ng'ombe" uone. Kile kiapostrofi kinafunga maandishi katikati, na unapata JSException. Mbaya zaidi, mtu anaweza kuandika msimbo wake ndani ya fomu ukakimbizwa kama wako. Tumia `call`, ambayo hupeleka thamani yenyewe:

```java
dirisha.call("onyesha", neno);
```

Ukipokea namba kutoka JavaScript, 32 itakufikia kama Integer na 32.5 kama Double. Basi ipokee kama `Number`, kisha uite `doubleValue()`. Na thamani isiyofafanuliwa hukujia kama maandishi "undefined", si `null`; sharti la `== null` peke yake halitainasa.

Kazi ikifanyika kwenye uzi (thread) mwingine, tuseme unasoma faili kubwa, mwito wa kurudi ukurasani uupitishe kwenye `Platform.runLater`. WebView inaguswa kutoka uzi wa JavaFX tu.

Hatua ya 5: Angalia unayemfungulia mlango

Msikilizaji wa hatua ya 2 anafanya kazi kila ukurasa unapomaliza kupakia, si wa kwanza tu. Mtumiaji akibonyeza kiungo kinachompeleka tovuti ya nje, nayo itakabidhiwa daraja lako, na skripti zake zitaweza kuita `hifadhi`. Ongeza sharti moja:

```java
if (sasa == Worker.State.SUCCEEDED
        && UKURASA_WANGU.equals(injini.getLocation())) {
```

`UKURASA_WANGU` ni ile anwani uliyoipakia mwenyewe. Hata baada ya hapo, ndani ya Daraja weka zile methodi ambazo fomu inazihitaji tu. Ile ya kufuta faili au kuendesha amri za mfumo ikae kwenye klasi nyingine ambayo ukurasa hauijui.