Assyrtiko: mzabibu wa Santorini unaosukwa kama kikapu

Kama unalima zabibu sehemu yenye upepo mkali na mvua kidogo, hebu waangalie wakulima wa Santorini, kile kisiwa cha volkano cha Ugiriki, na zabibu yao nyeupe inaitwa Assyrtiko. Upepo wa pale si wa mchezo, ukipandisha mzabibu juu ya waya machipukizi yanavunjika na maua yanapukutika, sasa wengi wao hawapandishi, kila kipupwe wakipogoa wanaacha matawi marefu ya mwaka jana wanayasuka kuzunguka shina mpaka yanakuwa kikapu kimelala chini, wanakiita kouloura, na vichala vinakulia mle ndani, majani yanavikinga na jua na mchanga unaopeperuka. Ni kazi ya kuinama siku nzima na trekta haisaidii kitu, ila mimi naona ndio ufundi mzuri kuliko wote kwenye zabibu. Kikapu kikichoka wanakikata karibu na ardhi, kinachipua upya kwenye mizizi ileile, ndio maana kuna mizizi imezidi miaka 100.

Maji wanapata wapi? Umande na ukungu wa baharini, yale mawe mepesi ya volkano yanafyonza unyevu usiku, na miche wanaipanda mbalimbali isigombanie. Mavuno ni kidogo, hilo ukubali mapema.

Ila kuna kitu usiige kichwakichwa. Wao wanapanda bila kubebesha, yaani bila kuunga mche kwenye shina la mzabibu mwingine, kwa sababu udongo wao karibu hauna mfinyanzi na filoksera, yule mdudu aliyeangamiza mizabibu ya Ulaya karne ya 19, haishi humo. Udongo wako ukiwa na mfinyanzi nunua miche iliyobebeshwa kwenye shina linalomhimili.

Kuvuna ni Agosti. Zabibu nyingi kwenye joto sukari ikipanda ukali, yaani ule uchachu, unapotea, Assyrtiko inaubakiza, kwa hiyo divai yake kavu, isiyo na utamu wa sukari, ina ladha ya ndimu na kama chumvi kwa mbali, inaendana sana na samaki. Pima sukari lakini onja pia, usivune kwa kalenda.

Na ukitaka Vinsanto, ile divai tamu ya Santorini, anika vichala juani kama wiki moja mbili, vilivyooza toa kwanza maana kimoja kinaharibu vyote, halafu kamua, weka kwenye mapipa ya mbao miaka 2 au zaidi, inatoka ya kahawia, tamu kama asali lakini haikinai kwa sababu ule ukali bado upo.