RAID haiko bakapu (kopi ya akiba), ongeza disiki moja ya pembeni

Batu mingi hapa Goma banafikiri ukiisha weka RAID 1 basi ulale. Hapana. RAID 1 ni namna ya kuunga disiki mbili ndani ya seva, ordinatere yenye inatunza data: inaandika kitu kimoja kwa zote mbili saa ile ile, moja ikikufa kazi inaendelea, njo kazi yake. Lakini ukifuta fayili inafutika kote mbili. Mi nilifuta dosiye ya picha za harusi saa tano usiku, nikakimbilia disiki ya pili kama mjinga, nayo tupu.

Fanya hivi. Nunua disiki ya nje ya USB, kubwa kuliko data yenye uko nayo, tuseme RAID iko na tera 2, chukua tera 4 ili kopi za zamani zipate nafasi. Usiiingize ndani ya RAID, iache peke yake, siku seva imekufa unaichomeka kwa ordinatere ingine na unasoma. Kwa kukopi, kwa Linux tumia programu rsync, kwa Windows programu robocopy iko tayari ndani, ila chunga ile /MIR yenye batu banaongeza kwa komandi ya robocopy, kitu chenye ulifuta kwa seva inakifuta na kwa bakapu, basi umerudia kosa lile lile! Kila kopi dosiye yake na tarehe.

Ikimaliza, CHOMOA. Umeme wetu unakatika unarudi na nguvu, yenye imechomekwa inaungua na wenzake. Iweke nyumba ingine. Mei 2021 volkano yetu Nyiragongo ilipolipuka, batu bakakimbilia Sake, nani angebeba seva mpaka kule? Disiki ndogo inaingia kwa mfuko.

Na kila mwezi fungua fayili mbili tatu za mule, uone kama zinafunguka.