Bonsai ya bogenvilia: anza na kisiki, si kijiti

Jirani akiamua kung'oa ua wake wa bogenvilia ajenge ukuta wa matofali, mimi hufika na msumeno kabla ya mkokoteni wa taka. Hapa Tanga mashina manene kama mkono hutupwa, huku wanaotaka bonsai, yaani mti unaofanywa kibete ndani ya chungu, wakihangaika na vijiti vya unene wa penseli. Kijiti kitashika, sikatai. Ila ndani ya kichungu kidogo shina halinenepi. Utangoja mpaka uchoke.

Kata kipande cha unene wa vidole vitatu au zaidi, urefu wa sentimeta 20 hadi 25, uondoe majani yote. Juu pakaza gundi ya mbao, maana kidonda cha bogenvilia huoza kikaacha tundu. Changanya kokoto ndogo na mchanga wa mto, uongeze mboji kidogo. Mchanga wa baharini uache hukohuko na chumvi yake. Fukia theluthi ya kisiki kwenye ndoo yenye matundu chini, funika kwa dumu la maji lililokatwa kitako, weka kivulini.

Hapo ndipo nilipopoteza visiki vitano mwaka wa kwanza. Wiki ya tatu vilichipua, nikafurahi, nikavihamisha. Kumbe machipukizi yalikuwa yanakula akiba ya shina. Chini hapakuwa na hata unywele wa mzizi! Siku hizi nangoja miezi mitatu, mpaka mizizi ichungulie kwenye matundu ya ndoo. Hata hapo nahamisha na udongo wake wote, kwa sababu mizizi hiyo hukatika ovyo.

Tawi kuukuu usilikunje, litavunjika mkononi. Kunja chipukizi linapoanza kuacha ukijani. Mimi hutumia waya wa shaba uliobaki kwa fundi umeme, nauchuna plastiki, nauzungusha kwa mshazari. Wakati wa masika kagua kila wiki, waya usije ukazama kwenye gome.

Maua yanataka jua la kutwa na kiu. (Yale ya rangi ni majani tu, ua lenyewe ni kile kidude cheupe cha katikati.) Kata ncha, ngoja majani yaanze kulegea, ndipo umwagilie. Mke wangu huona huruma, humwagilia nikiwa kazini. Chungu cha karibu na mlango wa jikoni kimesheheni majani mwaka wa pili sasa, ua hata moja hakuna.