Kabla Hujaingia Pangoni

Viatu kwanza. Ndala ziache kwenye gari, vaa raba zenye meno, maana chini huwa kunateleza hata kiangazi. Sweta nayo beba, hata kama nje jua linachoma: joto la ndani kabisa ya pango hukaa karibu na wastani wa mwaka mzima wa eneo hilo. Pango la Postojna, kule Slovenia, ni kama nyuzi 10 tu. Tochi ya kufunga kichwani, ili mikono ibaki huru. Usiniambie una simu.

Sasa jambo ambalo watu hawaulizi: njia yenyewe ikoje? Uliza kabla hujakata tiketi. Kuna ngazi kiasi gani? Panapobana zaidi pana upana gani? Tunatokea kulekule tulikoingilia? Niliwahi kuwa kwenye msafara ambao mzee mmoja aliambiwa mlangoni, "Njia rahisi tu, mzee wangu." Ikawa rahisi kweli, mpaka pale dari iliposhuka ikabidi tupite kwa ubavu. Akafika katikati, akasimama. Hakukwama, nafasi ilikuwepo. Pumzi ndiyo iliyomkatika. Jasho linamtiririka katika baridi ile, viganja amevibandika ukutani, anarudia "siwezi, siwezi". Mbele amewazibia waliotangulia, nyuma tumejazana. Ikabidi turudi kinyumenyume mmoja mmoja, ndipo mwongozaji akamtoa taratibu, akimwambia atazame taa tu, dari aachane nayo. Nje binti yake akatuambia baba hata lifti hapandi. Alilijua hilo tangu nyumbani!

Kwa hiyo ulizaneni mapema. Mwenye pumu, moyo, magoti mabovu au mimba aseme kabla, na mkumbuke kwamba ngazi mnazoshuka kwa kicheko mara nyingi ndizo mtakazozipanda mkihema.

Mawe yanayoning'inia usiyaguse. Kwa kawaida hukua chini ya milimita moja kwa mwaka, na mafuta ya kiganja chako huzuia chokaa mpya kushika. Kupiga picha ruhusa, kama wenyeji wameruhusu.

Popo usiwachokoze, na kinyesi chao usikitimue. Vumbi lake laweza kubeba kuvu wa kudhuru mapafu. Penye popo wengi ulizia pia habari za magonjwa. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki kwa Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, baada ya kuingia pango la popo nchini Uganda. Ukitoka, nawa kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

Halafu mvua. Pango lenye mto ndani hujaa hata kama juu yako hakuna wingu, ikiwa milimani imenyesha. Pango la Tham Luang, Thailand, Juni 2018, maji yaliwafungia ndani watoto 12 na kocha wao. Mwongozaji akisema leo hapana, usimbembeleze wala usimwongezee hela. Aliyebaki nje ajue mnatarajiwa kutoka saa ngapi. Watoto washikwe mkono, kamba iliyozungushwa isirukwe, na njia ya pembeni isiyo na taa achaneni nayo, hata kama mwenzenu anasema aliwahi kupita.